Milimani kabla vuli haijakolea, ukitokea Dar

Watu wa Dar huanza kuulizia milima joto linaporudi. Kipupwe kikishapita, feni zinazunguka usiku kucha, ndipo mtu anakumbuka kuwa kuna mahali pasipo mbali ambapo watu wanalala na blanketi. Bahati nzuri, kipindi hicho hicho, tangu mwishoni mwa Septemba hadi kuelekea katikati ya Novemba, kina siku ambazo Uluguru na Usambara hupendeza kuliko siku nyingine zote za mwaka. Ubaya ni kwamba siku hizo hazikai. Mwaka mwingine zinafika mwezi na ushei, mwaka mwingine mvua inashika ghafla na hata wiki mbili hazitimii.

Siku tunazozisema ni zile za baada ya mvua za kwanza, kabla vuli yenyewe haijakolea. Wengi hudhani ukavu wa Agosti na Septemba ndio wakati bora. Kwa miguu ni kweli, maana njia imekauka. Kwa macho si kweli. Mwisho wa kiangazi wakulima wanachoma mabua na magugu wakiandaa mashamba, upepo unainua vumbi la tambarare, na hewa inavaa utando wa kijivu. Utasimama kwenye jabali la Irente, kule Lushoto, umemaliza siku nzima barabarani, na tambarare ya Mazinde iliyo chini yako takribani mita elfu moja usiione sawasawa. Mvua mbili tatu zinatosha kuusafisha utando huo. Vumbi linatulia, moshi unakatika, majani yanachipua, na asubuhi unaona mbali mpaka unashangaa. Njia nazo bado zinahimili kwa sababu udongo ulikuwa na kiu na unameza maji haraka. Mvua zikishazoeleka, udongo unashiba, na mteremko mwekundu uliopandwa kwa saa moja unakuwa wa saa mbili.

Basi usichague tarehe, chagua mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa msimu wa vuli kabla ya Oktoba kuanza, kwa maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua, na Morogoro kaskazini na Tanga yamo. Mwelekeo huo unakwambia kama mvua zinatarajiwa kuwahi au kuchelewa, kuwa haba au nyingi. Baada ya hapo fuata utabiri wa siku kumi na ule wa kila siku. Halafu mpigie simu mtu aliye kule: mwongoza wageni, mwenye nyumba ya wageni, hata dereva wa Noah wa Mombo. Swali la kumuuliza si "mvua inanyesha?" bali "imenyesha mara ngapi wiki hii, na ilianza saa ngapi?" Akisema mara mbili, jioni, funga mzigo. Akisema kila siku tangu saa saba mchana, umechelewa. Akisema bado, kuna moto tu vilimani, subiri.

Anga la Dar halikusaidii hapo. Mvua inaweza kunyesha Kinondoni na Morogoro mjini kukawa na vumbi, na kinyume chake. Hata mlima mmoja una hali mbili. Upepo wa baharini unabeba unyevu kutoka Bahari ya Hindi, unagonga Uluguru upande wa mashariki, unapanda, unapoa, na maji yanamwagika huko huko. Ndiyo maana Kinole na Matombo kumejaa ndizi, mananasi na viungo, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, ilhali ng'ambo ya pili, Mgeta, mvua ni ndogo zaidi na watu wanalima mboga kwenye matuta. Upande wa mashariki hauna kiangazi cha kueleweka. Ukitaka njia kavu mwezi wa Oktoba, nenda magharibi au panda kutokea Morogoro mjini. Ukitaka maporomoko yenye maji na kijani kibichi, nenda mashariki na ukubali kulowa. Watu wengi wanaorudi wakilalamika kuwa "tulipigwa na mvua" walikwenda upande wa mvua, basi.

Na mkazi wa Dar ana sababu yake ya ziada ya kuujua mlima huu. Mto Ruvu, ambao ndio unaojaza sehemu kubwa ya mabomba ya jiji, unaanzia Uluguru. Oktoba 2022 jiji liliingia kwenye mgao wa maji kwa sababu mto ulikuwa umepungua. Mwaka uliofuata mambo yakageuka, vuli ikawa ya El Niño. Miaka ya namna hiyo hakuna mwanya wa kutafuta: mvua ikianza imeanza. Ukisikia El Niño kwenye mwelekeo wa msimu, safari ya mlima iahirishe hadi Januari au Februari, au uende Septemba uvumilie moshi.

Mlima upi? Kwa mtu mwenye Jumamosi na Jumapili tu, Uluguru. Kwa mwenye siku tatu au nne, Usambara ya Magharibi, yaani Lushoto na vijiji vya juu kama Mtae. Usambara ya Mashariki, Amani iliyo juu ya Muheza, ni ya wapenda msitu, ndege na vipepeo, lakini barabara yake ya udongo inaharibika mapema, kwa hiyo ifanye ya mwanzo wa msimu. Udzungwa, kwenye maporomoko ya Sanje, si mbali kwa anayetokea Morogoro, ila Kilombero ni bonde lenye joto, na mtu anayekimbia joto la Dar hatapata nafuu mpaka apande. Kilimanjaro tuiache. Ile inataka siku tano na zaidi, na maandalizi ya aina nyingine kabisa.

Safari ya Morogoro imerahisishwa na treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024. Kutoka stesheni ya Dar ni chini ya saa mbili. Lakini hesabu yake ina mtego. Anayetaka kupanda Lupanga, kilele cha Uluguru kilicho juu ya mji, anapaswa kuanza kutembea saa 12 asubuhi, na hakuna treni ya asubuhi itakayomfikisha kwa muda huo. Kwa hiyo nenda Ijumaa jioni, ulale mjini. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje ya mji, hivyo weka nauli ya bajaji na dakika za kutosha pande zote mbili. Ukaguzi wa mizigo ni kama wa uwanja wa ndege: jiko la gesi na mtungi wake usijaribu, na kisu cha kukatia matunda kinunue Morogoro. Tiketi ya kurudi ikate siku ile ile unayokata ya kwenda. Wikiendi inayogusana na 14 Oktoba, sikukuu ya Nyerere, treni na mabasi hujaa, na aliyebahatisha anaishia kusimama Msamvu na begi lenye tope akibembeleza kiti cha basi.

Lushoto ni habari nyingine. Ni zaidi ya kilomita 350, unapita Chalinze, Segera, Korogwe, unakata kona Mombo na kuanza kupanda. Mabasi yanaondoka asubuhi kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Panda lile linalokwenda Lushoto moja kwa moja, usishawishike na la Arusha litakalokushusha Mombo, isipokuwa umebeba mzigo mdogo na hujali kubanana kwenye Noah. Mwenye gari lake anayetokea Tegeta au Mbezi Beach apite Bagamoyo hadi Msata, ataukwepa msongamano wa Kimara na Kibaha. Kwenye vijiji vyote vya njia hiyo mwendo ni 50, na tochi zipo.

Kipande cha Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami, kona juu ya kona, na unapanda karibu mita elfu moja. Kupanda si tatizo, tatizo ni kushuka Jumapili. Madereva wa Dar wamezoea tambarare, wanashuka wakiwa wamekanyaga breki mfululizo. Breki zinapata moto, kunanuka kitu kama mpira ulioungua, halafu kanyagio linaanza kuzama. Dawa yake ni gia: shuka na gia ile ile ambayo ungepandia. Kwenye gari la otomatiki, toa D, weka 2 au L, uache injini ishike gari, breki iguse kwa vipindi vifupi tu kabla ya kona. Ukisikia harufu ile, tafuta mahali papana, simama nusu saa, na usimwagie maji magurudumu, kwa sababu chuma cha moto kikimwagiwa maji hupinda au hupasuka. Piga honi kabla ya kona isiyoonekana, na anayepanda mpishe. Mvua zikishaanza, mawe hudondoka barabarani usiku, kwa hiyo kipande hiki kipite mchana. Abiria anayechafukwa na kona akae mbele, aangalie mbali, ale kidogo kabla ya kufika Mombo. Tumbo tupu linachafuka upesi kuliko tumbo lenye mkate.

Kabla ya kuingia msituni kuna kibali. Uluguru, Magamba ya Lushoto na Amani ni hifadhi za mazingira asilia zilizo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kiingilio kinalipwa kwa namba ya kumbukumbu unayopewa ofisini, unalipa kwa simu. Mtanzania hulipa kidogo sana akilinganishwa na mgeni wa nje, basi beba kitambulisho cha taifa, maana bila hicho unaanza kubishana. Ofisi haziamki na wapanda mlima. Kibali cha kupanda Jumamosi alfajiri kitafutwe Ijumaa saa za kazi, au mwongozaji akuchukulie mapema.

Mwongozaji tunasema ni lazima, hata kwa anayejiona mwenyeji. Uluguru njia za chini zinapita katikati ya mashamba ya watu, na zinagawanyika kila baada ya nyumba mbili. Njia iliyonyooka na kusafishwa vizuri mara nyingi inaelekea shambani kwa mtu, si kileleni. Kubalianeni bei ya siku nzima kwa kundi, si kwa kichwa, na mseme waziwazi nani anampa mwongozaji chakula na nani analipa bodaboda yake ya kurudi. Mambo hayo madogo yakiachwa yanageuka ugomvi saa kumi jioni, watu wakiwa wamechoka. Mkipita nyumbani kwa watu, "shikamoo" kwa wazee kwanza, habari za kamera baadaye.

Sasa mavazi, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Kwa kukadiria, kila mita elfu moja unazopanda joto linapungua nyuzi sita hivi. Dar ya Oktoba mchana ni nyuzi 31. Lushoto, mita 1,400 juu ya bahari, tegemea 22 au 23 mchana, na usiku chini ya 15. Lupanga, mita 2,100 na ushei, ni 18 siku ikiwa nzuri. Nyuzi 18 si baridi, mtu atasema. Ni baridi ukiwa umelowa jasho na ukungu umeingia na upepo. Fulana ya pamba ndiyo adui namba moja: inanyonya jasho, haikauki, inabandika ubaridi mgongoni. Vaa jezi ya mpira wa miguu. Kitambaa chake kinakauka mwilini ndani ya dakika chache, na karibu kila kijana wa Dar anayo kabatini. Juu yake sweta la sufu au koti jepesi la manyoya, lile linalopatikana mitumba ya Karume au Tandika kwa bei ya kawaida kwa sababu Dar hakuna anayelihitaji. Juu kabisa koti la mvua. Lijaribu kabla ya kulinunua: weka kinywa kwenye kitambaa kwa ndani, pumulia kwa nguvu. Hewa ikipita kirahisi, hilo ni la upepo tu. Halafu kagua mishono ya mabega, maana maji huanzia hapo. Suruali ya jinzi iache nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito, inachubua mapaja, na haikauki mpaka kesho kutwa.

Viatu: raba yenye soli iliyochongeka meno marefu. Raba ya mjini yenye soli bapa ni ya kuangukia. Angalia wenyeji, wengi wanapanda na yeboyebo au mabuti ya mpira, na wanakupita. Usiwaige. Wao wana miguu iliyoizoea njia hiyo tangu utotoni, wewe una nyayo za ngazi za ghorofa. Kiatu kiwe kikubwa nusu namba, kwa sababu wakati wa kushuka vidole vinasukumwa mbele, na kucha nyeusi inachukua miezi kupona. Kabla ya kuanza kushuka, kaza kamba upya sehemu ya juu ya wayo ili mguu usiteleze ndani. Kiatu kipya kisianzie mlimani. Kivae wiki mbili hata ukienda sokoni tu. Viatu vya mitumba vilivyokaa miaka vina kasoro yao: gundi imezeeka, na soli inabanduka ikilowa. Loweka kimoja kwenye beseni usiku mzima kabla ya safari, kisha kikunje kwa nguvu. Kama ni cha kubanduka kitabanduka nyumbani. Hata hivyo beba mita mbili za kamba ya nailoni.

Begi. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na ile mifuko mbadala ya kitambaa haizuii maji hata kidogo. Watu bado wanapanga nguo kwenye mifuko hiyo ndani ya begi wakiamini wamezikinga. Tumia mfuko wa salfeti wenye nailoni kwa ndani, ule wa sukari au mbolea uliooshwa vizuri, uuingize mzima ndani ya begi kabla ya kupanga vitu, kisha ukunje mdomo wake mara tatu. Simu na fedha viwe kwenye kopo dogo lenye mfuniko wa kukaza. Fimbo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, na kukata mti ndani ya hifadhi ni kosa. Nunua mpini wa fagio, ukate ukufikie kwenye kiwiko ukiwa umesimama, ncha uizungushie kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Gharama yake haifiki ya soda mbili tatu, na unaokoa magoti.

Lupanga ndiyo kipimo kizuri cha hesabu ya saa. Kutoka pembezoni mwa mji hadi kileleni unapanda karibu mita 1,600. Kwenye njia ya msitu, kundi la watu wasiofanya mazoezi linapanda mita 300 kwa saa, si zaidi. Hiyo ni saa tano na nusu. Kushuka ni saa nne, kwa sababu kwenye tope kushuka hakuna haraka. Ukianza saa 12 asubuhi unafika kileleni kabla ya saa sita mchana, na saa kumi au kumi na moja uko chini. Jua linazama saa 12 na nusu hivi, lakini chini ya miti giza linaingia nusu saa kabla. Ukianza saa tatu kwa sababu kuna mwenzenu alichelewa kuamka, hesabu haipo tena, nendeni Morningside mkanywe chai. Hatutanii. Morningside, penye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, iko kama mita 1,300, inafikika kwa saa mbili au tatu za mguu, ina mandhari, na kurudi ni rahisi. Anayetaka zaidi anaweza kuendelea kuelekea Bondwa, kwenye minara.

Kanuni ya kugeuka iwekwe mkiwa bado chini, akili zikiwa zimetulia: ikifika saa saba mchana, popote mlipo, mnageuka. Mkibaki na mita mia moja kufika kileleni, mnageuka. Huo ndio wakati ambao kila mtu atakuwa na hoja nzuri ya kwa nini leo iwe tofauti.

Sababu nyingine ya kuwahi ni mawingu. Asubuhi milima hii huwa wazi. Jua likishapasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda, na kufikia saa tano au sita ukungu unafunga kila kitu kuanzia mita 1,500 kwenda juu. Mvua za mwanzo wa vuli nazo hupenda mchana baada ya saa nane na usiku. Kwa hiyo mandhari ni mali ya walioamka. Aliyefika kileleni saa nane anapiga picha ya ukuta mweupe.

Njia yenyewe ina sehemu tatu. Mashambani ni udongo mwekundu ulio wazi. Ukikauka ni vumbi, ukilowa kidogo ni sabuni. Pita pembeni penye nyasi, lakini usikanyage kuta za matuta, ni kazi ya mikono ya watu. Ndani ya msitu kuna majani yaliyooza juu ya mizizi. Mzizi uliolowa usiukanyage kwa urefu wake, uruke au uukanyage katikati ya wayo ukiukingama. Juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, panakuwa pa wima na utatumia mikono. Shika shina lililo hai, litikise kwanza. Fimbo mpe wa nyuma wakati huo. Kushuka, hatua fupi, magoti yalegee kidogo, kisigino kwanza kwenye udongo laini. Wanaoanguka hawaanguki juu penye hatari, maana pale kila mtu ana hofu. Wanaanguka chini mashambani, saa ya mwisho, wakiwa wanaongea habari za chipsi.

Maji lita tatu kwa kila mtu, na usitegemee kijito. Vijito vinavyokatiza mashamba vinachukua mbolea na dawa za mboga ambazo kuchemsha hakuondoi. Vya juu ndani ya msitu ni safi zaidi, lakini navyo vichemshe au tumia vidonge vya kutibu maji na usubiri nusu saa kama pakiti inavyosema. Chakula kiwe cha kushika mkononi: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, ndizi mbivu. Wali na nyama kwenye hotipoti ni mzigo wa bure, mkishashiba hamtainuka. Anayetoka jasho jingi na kuanza kubanwa na misuli atengenezewe lita moja ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari, anywe taratibu.

Wadudu na mimea inabadilika mvua zikianza. Siafu wanatoka. Ukiona mstari mweusi unaokata njia, uruke, usisimame karibu kupiga picha, na suruali iingie ndani ya soksi. Wakishapanda, vua, mtoe mmoja mmoja kwa kumvuta, kumpigapiga hakusaidii. Kupe wako kwenye nyasi za chini, jikagueni jioni nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Upupu ni wa mwisho wa kiangazi, maganda yake yakikauka vinyweleo vinapeperuka kwenye vichaka vya miteremko ya chini. Ukikupata usikune na usisugue na maji. Pakaa majivu au udongo mkavu, au bandika utepe wa gundi na kuung'oa, ndipo uoge.

Radi ni ya kuheshimu. Ukiona mwako, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, hizo ndizo kilomita. Chini ya sekunde thelathini, ondokeni mgongoni mwa mlima na kwenye majabali kama Irente, na msijikusanye chini ya mti mmoja mrefu. Vijito navyo vinajaa ghafla kwa mvua iliyonyesha juu msikokuona. Maji ya kahawia yanayopanda haraka hayavukwi, hata kama mwenyeji anasema yanafika magotini. Kaeni saa moja au mbili, mara nyingi yanapungua. Mteremko ulioanza kupasuka nyufa au miti iliyolala upande mmoja ni dalili ya udongo unaotembea. Tarehe 3 Desemba 2023, katikati ya ile vuli nzito, tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang lilifunika sehemu ya mji wa Katesh na kuua watu wengi. Kwa hiyo mkipiga kambi, msipige kwenye mkondo uliokauka wala chini ya genge, hata pakiwa pamesawazika kama uwanja.

Lushoto wengi hawapigi kambi, wanalala nyumba za wageni, na huko hatari ni nyingine kabisa. Baridi ya usiku ikiuma, mtu wa Dar anaomba jiko la mkaa liingizwe chumbani na kufunga dirisha. Usifanye hivyo. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha, na watu hawaamki. Omba blanketi la tatu, vaa soksi, weka chupa ya maji ya moto miguuni. Ukifika uliza kama maji ya kuoga ya moto yapo asubuhi au jioni, kwa sababu mara nyingi hayapo nyakati zote mbili.

Kutoka Lushoto mjini hadi Irente ni matembezi ya kilomita sita hivi, yanamalizika kabla ya chakula cha mchana. Msitu wa Magamba unataka siku yake. Mtae ni mbali, barabara ya udongo ya saa kadhaa, na mvua zikikolea gari dogo halifiki. Ulizia siku moja kabla, na ukienda lala huko huko, kwani uzuri wake ni asubuhi mawingu yakiwa chini yako.

Siku ya kurudi, nunua mboga na matunda barabarani Soni au Mombo, bei inapanda kadiri unavyosogea Chalinze. Viatu usivifungie kwenye mfuko wenye tope hadi wikiendi ijayo. Ukifika, toa soli za ndani, suuza tope kwa maji baridi na brashi, jaza magazeti makavu ndani, badilisha magazeti asubuhi, anika kivulini penye upepo. Jua la Dar linakausha kwa siku moja na kupasua gundi kwa siku hiyo hiyo.